Tangazo Lililosomwa Kuanzia Chini

Enzi zetu gazeti lilifika nyumbani likiwa limelowa damu. Hatukulinunua, lilitufungia nyama. Ukitumwa Soko la Burma Jumamosi asubuhi, muuza nyama alikukatia nusu kilo juu ya gogo, akaibwaga kwenye ukurasa wa gazeti la wiki iliyopita, akaukunja pembe nne, nawe ukarudi mtaani kwetu Shauri Moyo mbio huku umekikumbatia kifurushi kabla damu haijapenya hadi kwenye nguo. Mama alichukua nyama. Sisi watoto tulichukua karatasi, tukaianika kwenye kamba ya nguo mpaka ikakakamaa, na hapo ndipo tulipojua yaliyotokea duniani. Habari nyingi tulizisoma nusu, kwa kuwa nusu ya pili ilikuwa imegandamana na mafuta ya mbuzi.

Nawaandikia haya nyinyi mliokulia kwenye nyumba zile za chumba kimoja, kwa sababu vijana ninaosoma nao siku hizi hawayaamini. Nimerudi chuo kikuu nikiwa na wajukuu wawili, natafuta shahada ya uzamili katika ufundishaji wa lugha, na nimeketishwa darasa moja na watu wa umri wa kitinda mimba wangu. Wiki ya kwanza, mmoja wao alisimama na tarakilishi nyembamba kama chapati akatufundisha jinsi waandishi wa matini za taarifa wanavyopanga mawazo yao. Alikuwa na visanduku vitano vya rangi tano: mfuatano wa wakati, chanzo na matokeo, ulinganisho, tatizo na utatuzi, maelezo ya sifa. Kila kisanduku kiliruka ukutani kikatua mahali pake kwa mlio mdogo wa kupendeza. Wenzake walipiga makofi. Nikanyoosha mkono nikamwuliza, kwa adabu zote nilizofunzwa, matini aliyoitumia kama mfano ilihusu nini. Akarudi nyuma kurasa tatu kwenda kutazama.

Sisi tulijifunza mambo hayohayo kwa mkasi mmoja, na mkasi wenyewe uliazimwa kwa fundi cherehani.

Shule yetu ilikuwa umbali wa kelele moja kutoka nyumbani. Mama angeweza kuniita kutoka bombani nikamsikia nikiwa darasani, na aliwahi kufanya hivyo. Tulikuwa watoto wengi kuliko madawati. Asubuhi tulinuka mafuta ya kujipaka na moshi wa makaa. Ikifika saa nne tulinuka jasho, kwa maana mapumziko hayakuwa ya kupumzika. Wasichana tulicheza blada kwa mipira ya ndani ya baiskeli tuliyoikata na kuifunga fundo moja moja, tukairuka kuanzia kwenye vifundo vya miguu mpaka shingoni. Wavulana walicheza bano kwa gololi, wakagombana, wakapatana kabla kengele haijalia. Aliyekuwa na mandazi alimegewa urafiki mpaka mandazi yakaisha. Leo mjukuu wangu wa kike hucheza akiwa ameketi, kwa kidole gumba, na akishindwa analalamika kwamba amechoka.

Mwalimu wetu wa darasa la sita aliitwa Mwalimu Wambui. Alikuwa mwanamke mfupi kutoka upande wa Nyeri, mwenye sauti isiyopanda, na hilo ndilo lililotutisha. Vitabu vya hadithi tulikuwa navyo, vimechakaa lakini vipo. Maandishi ya aina nyingine, yale yanayotoa habari au maelekezo, hatukuwa nayo. Kwa hiyo alituagiza tulete magazeti ya nyama. Tulimletea. Aliyakagua kwa ncha ya kalamu kama daktari, akachagua yasiyonuka sana, kisha akayakata vipande, aya moja moja, akazichanganya aya hizo, akazimwaga kwenye sakafu ya saruji. Tulipiga magoti makundi makundi tukazipanga upya. Kazi haikuishia hapo. Ilibidi kila kundi liseme mwandishi alipanga kwa utaratibu gani: je, anafuata wakati, anataja chanzo ndipo aje kwenye matokeo, au anaweka tatizo mezani ndipo alitatue?

"Mwandishi hakumwaga maneno kama mtu anayemwaga maji machafu," alituambia. "Aliyapanga. Muulize kwa nini hili limetangulia na lile likafuata."

Kisha alikuwa na jaribio lake. Aliinama, akaokota aya moja kutoka kwenye safu tuliyoipanga, akaificha mgongoni. "Nimeondoa hii. Ni nini kimeanguka?" Ukimjibu kwamba hakuna kilichoanguka, aliitupa ile aya. Ukimwambia kwamba sasa hatujui moto ulianza vipi, aliirudisha mahali pake na kuitikia kwa kichwa mara moja, na wewe ulitembea siku nzima kama mtu aliyevikwa kofia mpya.

Mimi nilikuwa hodari katika mchezo huo. Nasema hivi bila haya kwa sababu ndiyo shina la habari yenyewe. Nilikuwa mtoto wa kupanga. Nilipanga sufuria kwa ukubwa, viatu kwa umri wa wenyewe, na usiku kabla ya kulala nilipanga mambo ya siku hiyo kwa chanzo na matokeo mpaka mama akaniambia, "Nekesa, lala. Dunia haitapotea ukiiacha hivyo ilivyo."

Sasa lazima nieleze habari za baba. Baba alikuwa seremala katika soko la Gikomba, mtengenezaji wa stuli na vitanda, mtu wa Magharibi aliyefika Nairobi akiwa na randa moja na barua ya mchungaji. Katika laini yetu ya nyumba, ambayo ilikuwa na milango kumi na miwili, yeye ndiye aliyekuwa msomaji. Si kwamba wengine wote hawakujua kusoma. Wawili watatu walijua. Lakini baba alikuwa na sauti, miwani, na subira. Jumapili baada ya kanisa watu walimletea barua zao, akaketi kwenye stuli mlangoni petu, akasoma. Alimsomea hata Mama Njoki, jirani yetu mjane aliyeuza mboga, barua zilizoandikwa kwa Kikuyu. Baba hakukielewa Kikuyu hata neno. Aliyatamka tu yale maandishi jinsi alivyoyaona, kwa lafudhi ya Kibukusu, na Mama Njoki akasikiliza, akacheka, akalia machozi mahali pa kulia.

Barua zile zilikuwa na umbo moja, ziwe zimetoka Bungoma au Murang'a. Zilianza na salamu. Salamu za mwandishi, za mkewe, za watoto kwa majina, za majirani, za mzee aliyeulizia hali yako ingawa ana homa. Zikafuata mvua na ng'ombe. Kisha, chini kabisa, juu kidogo ya jina la mwandishi, ndipo neno lenyewe lilipoketi: mama anaumwa, mdogo wako anaoa, tunaomba mabati. Mtu mwenye adabu haingii kwa mtu akatoa haja yake kabla hajakaribishwa kiti. Kwa hiyo baba, aliyekuwa na barua nyingi za kusoma na mwanga mchache wa jua, alijizoesha njia yake mwenyewe. Aliruka juu, akashuka moja kwa moja chini. "Hapa wanawasalimu," alisema akiishusha karatasi kwa kidole, "wanawasalimu, wanawasalimu... ehe, neno hili hapa." Hakuwahi kukosea. Kwa barua, kanuni yake ilikuwa sahihi kuliko visanduku vitano vya yule kijana.

Jumatatu moja, mwaka nilipokuwa darasa la sita, ofisi ya nyumba ilibandika tangazo ukutani karibu na bomba la maji. Lilikuwa limepigwa chapa kwa Kiswahili, aya nne. Wanawake waliokuwa wakiteka maji walilitazama, wakalizunguka, wakamsubiri baba. Alirudi jioni, vumbi la mbao kwenye nyusi, akavaa miwani. Nilikuwa nimesimama kando yake na ndoo.

Aliitazama aya ya kwanza midomo ikichezacheza. "Hizi ni salamu za ofisi," alisema. Watu wakacheka, ofisi kusalimu watu ni jambo geni. Akaipitia ya pili na ya tatu kwa kidole. "Wanaeleza, wanaeleza, maneno ya makarani..." Akafika chini. "Ehe. Neno hili hapa. Milango yote ya mtaa itapakwa rangi, na kila mpangaji anaombwa kuusafisha mlango wake na kuondoa rangi iliyobambuka kabla mafundi hawajafika."

"Rangi gani, Baba Nekesa?" aliuliza Mama Njoki.

"Kijani."

"Kijani cha kabeji au cha sukuma wiki?"

"Hawakuandika."

"Basi hao hawajui kuandika," alisema Mama Njoki, na laini nzima ikakubaliana naye.

Laiti mngeiona milango yetu wiki ile. Jumanne na Jumatano wanawake waliikwaruza kwa vipande vya chupa, wakaisugua kwa sabuni ya mche na mchanga. Baba alileta randa kutoka Gikomba akainyoosha milango iliyokuwa ikikwama tangu enzi za wakoloni, mlango baada ya mlango, bila kumtoza mtu chochote, akipiga mluzi. Laini za jirani zilipita zikitutazama. Kuna mtu alituuliza kama tunaozesha. Tuliwadharau. Tuliwaona watu wachafu wasiojali matangazo, wanaokwenda na kurudi upande wa ofisi na bahasha mikononi badala ya kusafisha milango yao. Hata mimi niliwadharau, na nilikuwa na kila sababu ya kujua zaidi.

Kwa maana Jumatano hiyohiyo Mwalimu Wambui alitupa kazi ya nyumbani. Tunakili maandishi yoyote ya taarifa tuliyoyaona mtaani, yasiyo hadithi, kisha tuonyeshe pembeni mwandishi alivyopanga. Wengi walinakili karatasi za dawa na makopo ya siagi. Mimi nilikwenda bombani na daftari, nikasimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikanakili tangazo lote, aya nne, hata nukta.

Bado naweza kulitaja kwa moyo. Aya ya kwanza ilisema kwamba orodha ya wapangaji ina majina ya watu waliohama na waliofariki, na kwa hiyo orodha yote inaandikwa upya. Ya pili ilimtaka kila mpangaji afike ofisini na kadi yake ya nyumba kabla ya saa kumi alasiri siku ya Ijumaa. Ya tatu ilisema nyumba ambayo mpangaji wake hatakuwa amejiandikisha itahesabiwa kuwa tupu na kupewa mwingine. Ya nne ilikuwa milango.

Nilipiga mistari kwa rula. Kando ya aya ya kwanza niliandika "chanzo." Kando ya pili, "agizo." Kando ya tatu, "onyo: matokeo kwa asiyetii." Kando ya nne, "nyongeza." Chini nikaandika kwa mwandiko wangu bora kwamba mwandishi ametumia mpangilio wa tatizo na utatuzi, akatanguliza lililo zito na kumalizia na lililo jepesi. Kisha nikafunga daftari, nikachukua kipande cha chupa, nikaenda kumsaidia mama kukwaruza mlango.

Nimekaa na jambo hili miaka mingi na bado sijui jinsi ya kulieleza kwa mtu ambaye halijampata. Sikusema uongo. Sikuogopa kumsahihisha baba, ingawa ningeogopa kama lingenijia akilini. Halikunijia. Tangazo la bombani lilikuwa la nyumbani, na nyumbani msomaji alikuwa baba. Tangazo la daftarini lilikuwa la shule, na shuleni maneno yalikuwa vipande vya kupangwa. Karatasi ilikuwa moja. Nilikuwa nimeandika neno "onyo" kwa mkono wangu, nikalipigia mstari mara mbili, na halikunionya.

Ijumaa asubuhi Mwalimu Wambui alirudisha madaftari. Langu alibaki nalo. Nilipoitwa mezani nilikwenda kwa maringo, na kweli, nilipochungulia niliona kumi kwa kumi kwa wino mwekundu. Lakini hakuwa akiitazama alama. Alikuwa anasoma.

"Hili tangazo umelitoa wapi?"

"Bombani kwetu, mwalimu."

"Baba yako alikwenda ofisini lini?"

"Hajaenda, mwalimu. Tunasafisha mlango."

Alinitazama. Akachukua rula, akaiweka juu ya aya ya kwanza, ya pili na ya tatu, akazifunika zote. "Nimeondoa hizi. Ni nini kimeanguka?"

Nilitafuta jibu la darasani. "Chanzo na agizo, mwalimu. Na onyo."

"Onyo kwa nani?"

"Kwa wapangaji."

"Wapangaji ni kina nani, Nekesa?"

Nakumbuka inzi mmoja kwenye kopo la chaki. Nikasema kwa sauti ndogo, "Ni sisi."

Alichukua kalamu nyekundu akaikata ile kumi kwa mstari mmoja. Hakuandika kitu badala yake. "Mpangilio umeuelewa. Tangazo hukulielewa. Sasa ni saa tano na robo. Chukua daftari, kimbia."

Mwezi uliopita, huku chuoni, jopo la watahini watatu liliirudisha rasimu ya tasnifu yangu. Nilikuwa nimechambua matini arobaini za taarifa kutoka vitabu vya shule, nikazigawa, nikazihesabu, nikazichorea majedwali kumi na mawili. Mtahini wa kike, mdogo kuliko binti yangu wa kwanza, aliifunga rasimu akaniuliza kwa upole, "Mama, watoto wanaosoma matini hizi wanaambiwa nini?" Nilimwonyesha jedwali la saba. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwacheka wale vijana wa visanduku kwa sauti kubwa kuliko inavyofaa.

Siku ile ya darasa la sita, basi, nilikimbia. Kutoka shuleni hadi Gikomba nilipita nyuma ya mabanda ya mitumba, nikaruka mitaro, nikatukanwa na mwenye mkokoteni. Baba alikuwa anapiga randa mguu wa kitanda, wenzake wanne wamemzunguka.

"Buda, umeshtakiwa!" alipaza sauti mmoja wao aliponiona na sare. "Mtoto ameletwa na shule. Lipa dirisha!"

"Si dirisha, ni mimba ya mwalimu," alisema mwingine, wakaangua kicheko.

Baba alisimama na randa mkononi. Njia nzima nilikuwa nikipanga nitakavyosema, na kila sentensi niliyoipanga ilianza na "Baba umekosea," na hakuna mtoto wa kwetu aliyewahi kuimaliza sentensi hiyo. Kwa hiyo nilimpa daftari. "Mwalimu amesema unikagulie kazi yangu."

"Saa hizi?"

"Ndiyo, baba. Saa hizi."

Alivaa miwani. Kidole chake kilianza kushuka kama desturi yake, kikapita kwenye salamu za ofisi, kisha kikagonga maneno yangu ya pembeni. "Chanzo." Kikasimama. "Agizo." "Onyo." Akapandisha kidole mpaka juu kabisa, akasoma aya ya kwanza kwa sauti, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la pili. Alipofika kwenye Ijumaa, wenzake walikuwa wameacha kucheka.

"Leo ni Ijumaa," alisema yule wa dirisha.

Baba alifungua aproni. Hakunigusa kichwa, hakunisifu, hakunigombeza. Alisema tu, "Twende," na tukaenda mbio.

Kulikuwa na njia rahisi. Angeweza kuingia kwetu, kuchukua kadi, kwenda ofisini kimyakimya, akajiandikisha, kisha akamtuma mtoto awaambie wengine kwamba kuna tangazo jipya. Mama baadaye alimtajia njia hiyo zaidi ya mara moja. Yeye alianzia mlango wa kwanza wa laini. Alibisha. Alipofunguliwa alivua miwani na kusema, "Nilisoma vibaya. Chukua kadi yako, twende ofisini kabla ya saa kumi, la sivyo nyumba itapewa mtu." Kisha mlango wa pili. Maneno yaleyale, hakuyapunguza. Kwa waliokuwa kazini alinituma mimi au mtoto mwingine, lakini kila aliyekuwapo aliambiwa na mdomo wake. Mlango wa tano alitukanwa. Mlango wa nane mtu alicheka kwa dakika nzima akiishika fremu iliyonyooshwa vizuri.

Mama Njoki alikuwa anapanga mafungu ya sukuma. "Nilisoma vibaya, Mama Njoki," alimwambia.

"Sasa hii milango tumesugua ya nini?"

"Milango ni nyongeza."

Akamtazama, akatazama mikono yake mwenyewe iliyochubuka kwa mchanga. "Kadi yangu ina jina la marehemu," alisema polepole. "Si wameandika wanaondoa marehemu?"

"Ndiyo maana utakuwa wa kwanza."

Mshororo ofisini ulikuwa mrefu, watu wa laini nyingine waliochelewa kwa sababu zao wenyewe. Dirisha lilikuwa moja na karani mmoja. Baba aliwapanga watu wake kama alivyopanga mbao: wenye tatizo la kadi mbele, wenye watoto wachanga nyuma yao, wenye kadi safi mwisho. Kadi yetu ilikuwa safi. Mama alifika akiwa amembeba mdogo wangu, akaona mahali tuliposimama.

"Baba Nekesa, sogea mbele."

"Niliyewapoteza ndiye nitakayefunga msafara."

"Na mimi na watoto, tulikukosea nini?"

Hakusogea. Mbele, suala la Mama Njoki lilichukua karibu nusu saa; karani alitaka cheti cha kifo, cheti kikaenda kuletwa, mhuri ukatafutwa. Baadaye mmoja mmoja wa laini yetu alitoka akiwa na kipande cha karatasi, na kila aliyetoka alisimama kando kutusubiri. Saa kumi ilipogonga, mbele yetu alikuwa amebaki mtu mmoja. Karani alimhudumia huyo, kwa wema, kisha akashika kibao cha dirisha.

"Tangazo liko ukutani tangu Jumatatu, mzee," alimwambia baba. "Hukuliona?"

"Nililiona. Nililisoma vibaya."

Karani hakuwa na fomu ya jibu hilo. Dirisha likafungwa. Jumatatu baba alirudi, na Jumanne, na majirani kumi na mmoja wakaenda kumshuhudia, lakini orodha ilikuwa imekwisha kupelekwa kulikopelekwa. Haikupita muda mrefu akaja bwana mmoja mpole na mkewe, na karatasi halali mkononi. Alituomba radhi. Alisema hajawahi kuona mlango mzuri namna ile.

Nimelipima jambo hili kila upande. Kama Mama Njoki angehudumiwa katikati. Kama ningepita barabara kuu badala ya mitaroni. Kama kutoka Jumatano jioni hadi Ijumaa saa tano ningelifungua daftari mara moja tu na kulisoma kama mtu anayeishi ndani ya nyumba. Hesabu zote hurudi kwenye hiyo ya mwisho.

Tulihamia mtaa wa Mbotela, kwa baba mdogo, watu tisa kwenye chumba cha watu wanne, pazia katikati. Mama hakuzungumza na baba kwa wiki mbili ila kwa kupitia kwangu: "Mwambie baba yako chai iko tayari." Naye alijibu kupitia kwangu, "Mwambie mama asante." Baba aliiweka miwani ndani ya sanduku la vifaa, chini ya patasi, na niliamini kwamba hatasoma tena.

Jumapili ya tatu tulisikia hodi. Alikuwa Mama Njoki, vumbi mpaka magotini. Alikuwa ametembea kutoka Shauri Moyo. Nyuma yake walikuwa watu watatu wengine wa laini yetu, mmoja wao yule aliyetutukana mlango wa tano. Kule Mama Njoki alikokuwa amebaki kulikuwa na wasomaji wengine, wenye macho mazuri kuliko baba, ambao hawakuwahi kukosea hadharani. Alikaa, akanywa maji, akachomoa barua kifuani.

"Shika, Baba Nekesa. Leo anzia juu."

Alisoma barua nne mchana ule, kutoka tarehe hadi sahihi, salamu zote, kila jina la kila mtoto, mpaka watu wakaanza kupiga miayo na yule wa mlango wa tano akasema, "Aki, ruka kidogo, jua linazama." Baba hakuruka. Mama alichemsha chai ya pili, akaileta mwenyewe, akaiweka mikononi mwake bila kunituma.

Siku hizi hakuna anayetembea na barua. Kila mtu ana msomaji wake mfukoni. Wanafunzi wenzangu wakipewa kurasa thelathini huzilisha simu, nayo huwaambia kwamba huku juu ni salamu, neno lenyewe ni hili hapa, nao huamini, wakanakili, wakapaka rangi tano. Mara nyingine inapatia. Inapokosea, anayeiuliza huandikiwa samahani moja ya haraka, kisha ujumbe mwingine, na maisha yanaendelea. Haivui miwani mbele ya mtu yeyote. Haibishi mlango wa kwanza, wala wa pili, wala wa tano unakotukanwa. Na ikikosea, simjui hata mmoja miongoni mwao ambaye angetembea kutoka Shauri Moyo hadi Mbotela kwenda kuiambia isome tena.